Simu yako na mitandao ya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa ndugu wanaoingia Marekani na simu walizonunua Nairobi, Dar es Salaam, Goma au Bujumbura, na wa wale ambao tayari wako huku na wanataka kutuma simu nyumbani. Jambo moja litajirudia karibu katika kila jibu: kuambiwa simu ni "ya 4G" au "ya 5G" hakutoshi. Uliza mtandao unarusha masafa gani ya redio, modemu ya simu (chipu inayoongea na mnara) inashika masafa gani, na kama kampuni yenyewe imeikubali simu hiyo ipige na kupokea simu. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, simu haitakufaa hata uwe umeinunua kwa bei gani.

Nimefika Marekani na Tecno yangu. Nyumbani ilisoma 4G bila shida, huku inatafuta mtandao siku nzima. Imeharibika?

Haijaharibika. Simu za Tecno, Infinix na itel haziuzwi na kampuni kubwa za simu za Marekani, kwa hiyo matoleo tunayoyanunua Afrika yametengenezwa kwa masafa ya kwetu. Masafa hugawanywa vipande vyenye namba, vinavyoitwa bendi. 4G ya Afrika Mashariki inategemea sana bendi ya 3 (megahezi 1800), bendi ya 20 (megahezi 800) na bendi ya 28 (megahezi 700). Kampuni za simu za Marekani hazitumii hata moja kati ya hizo. Huku Verizon inategemea bendi ya 13, AT&T bendi za 12 na 14, T-Mobile bendi za 71 na 12, na wote watatu wanatumia pia bendi ya 2 na ya 66, ambayo ndani yake mna ile ya zamani ya 4.

Simu nyingi za bei ya chini kutoka kwetu zina bendi ya 5, nayo AT&T na Verizon wanaitumia sehemu mbalimbali. Ndiyo sababu simu inaweza kushika mtaa mmoja na kupotea mtaa unaofuata. Usihangaike kuirudisha kwenye hali ya kiwandani wala kubadilisha laini mara kwa mara. Kitu ambacho modemu na antena hazikuwekewa, hakiongezeki kwa mipangilio.

iPhone na Samsung za daraja la juu zina nafuu kubwa, maana matoleo yao ya kimataifa yana bendi nyingi za Marekani. Ila chunguza: baadhi ya iPhone zilizotengenezwa kwa masoko ya nje hazina bendi ya 71, na hiyo ndiyo inayoifikisha T-Mobile vijijini na ndani ya majengo. Mkaaji wa katikati ya jiji anaweza asione tofauti. Anayefanya kazi shambani au kwenye kiwanda cha nyama nje ya mji ataiona siku ya kwanza.

Yangu inaonyesha vijiti, na WhatsApp inafanya kazi, lakini simu ya kawaida haiendi. Kwa nini?

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mwenye simu anaamini mambo yako sawa. Kwetu, ukipiga simu ya kawaida, mara nyingi simu hushuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G, mnaongea, kisha inarudi juu. Marekani njia hiyo ya kushukia imefungwa. AT&T ilizima 3G Februari 2022, T-Mobile ikafuata Julai mwaka huo huo, na Verizon ikamaliza Desemba 2022. Tangu hapo sauti inasafiri juu ya 4G yenyewe, kwa utaratibu unaoitwa VoLTE. Simu isiyoweza VoLTE kwenye mtandao wa kampuni uliyojiunga nayo haipigi.

Na hata simu yenye VoLTE inaweza kukataliwa. Mtengenezaji lazima aweke ndani ya programu ya simu mipangilio ya kampuni husika, na kampuni nayo iikubali aina hiyo ya simu. AT&T ina orodha ya simu ilizozipitisha, na simu iliyo nje ya orodha inaweza kunyimwa huduma hata kama bendi zake zinatosha.

Niliwahi kukaa na mama aliyekuja huku kutoka kambi ya Nyarugusu. Simu yake ilikuwa mpya kabisa, imefungwa kwenye leso, nailoni ya kioo haijabanduliwa. Intaneti inafunguka, ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaenda. Akibonyeza namba ya shule ya mtoto, skrini inatulia kidogo kisha inarudi ilipokuwa, bila mlio wowote. Tukaitoa laini ile ile tukaiweka kwenye Samsung ya mwanawe iliyonunuliwa huku, ikaita papo hapo. Laini ilikuwa nzima na salio lilikuwepo. Kilichokosekana ni VoLTE iliyokubaliwa.

Tafadhali lichukulie kwa uzito. Mtu mwenye simu ya namna hii asitegemee kuwa 911 itapatikana akihitaji gari la wagonjwa usiku. Kama humjui mtu wa kukuelekeza, nunua simu ya bei nafuu inayouzwa na kampuni yenyewe, uiweke kuwa ya kupigia, na ile uliyokuja nayo itumie kwa Wi-Fi.

Masafa ni nini hasa, na kwa nini kampuni zinayagombania kwa mabilioni?

Kila mawasiliano ya simu yanapita kwenye mawimbi ya redio, na serikali ndiyo inayogawa nani arushe wapi. Marekani kazi hiyo ni ya tume ya mawasiliano, FCC, na kwa kawaida inauza leseni kwa mnada. Masafa hayaongezeki, kwa hiyo kampuni isiyonunua leo huenda ikasubiri miaka mingi.

Tena si masafa yote yana kazi moja. Fikiria ngoma ya harusi mtaa wa pili: mdundo wa ngoma kubwa unakufikia chumbani na madirisha umefunga, lakini maneno ya mwimbaji huyapati. Masafa ya chini ya megahezi 1000 ndiyo mdundo: yanafika mbali, yanapenya ukuta, ila nafasi yake ni finyu, kasi haiwi kubwa. Yale ya kati, tuseme kuanzia megahezi 1700 hadi 4000, yanabeba mengi zaidi lakini yanahitaji minara iliyokaribiana. Ya juu kabisa, gigahezi 24 kwenda mbele, yana kasi ya ajabu, ila ukizunguka kona ya jengo au mti ukikaa katikati, umeyapoteza.

T-Mobile ilikuwa ya nyuma. Imekuwaje leo inasifiwa kwa 5G?

Jibu liko kwenye masafa, na kisa chake kinafaa kujulikana na yeyote anayetaka kuelewa biashara hii.

Mwaka 2011 AT&T ilitaka kuinunua T-Mobile ya Marekani. Serikali ikapinga, na Desemba mwaka huo mpango ukafa. Mkataba wenyewe ulisema mpango ukivunjika AT&T italipa, ikalipa dola bilioni 3 taslimu pamoja na leseni za masafa. T-Mobile ikapata pumzi. Mwaka 2013 ikawasha 4G, ikaungana na kampuni ndogo ya simu ya MetroPCS, na mwanzoni mwa 2014 ikakubaliana na Verizon kununua sehemu ya masafa ya megahezi 700. Kabla ya hapo haikuwa na masafa ya chini ya maana, na wateja walikuwa wanalalamika kwamba wakiingia ndani ya jengo mtandao unakata.

Kisha ukaja mnada wa megahezi 600 uliokwisha Aprili 2017. Masafa hayo yalikuwa ya vituo vya televisheni. FCC ilivilipa vituo viyaachie, vingine vikahamia chaneli nyingine kwa awamu hadi Julai 2020. T-Mobile ilitoa karibu dola bilioni 8 na kupata masafa nchi nzima. Agosti 2017 mnara wa kwanza ukawashwa Cheyenne, Wyoming, mji mdogo usio na fahari yoyote ya kibiashara. Mimi naona uamuzi ule ulionyesha kampuni inajua inachotafuta: kufika pale ilipokuwa haifiki. Tarehe 2 Desemba 2019 ikatangaza 5G ya nchi nzima juu ya masafa hayo hayo. Kwenye simu ndiyo ile bendi ya 71, na kwa 5G huandikwa n71.

Kilichobaki kilikuwa kasi, na kasi ilikuwa kwa Sprint, kampuni nyingine ya simu. Sprint ilikuwa imerithi kutoka Clearwire, iliyoinunua mwaka 2013, hazina kubwa ya masafa ya megahezi 2500, lakini haikuwa na fedha za kujenga minara ya kutosha kuyafaidi. Muungano wa T-Mobile na Sprint ulipokamilika tarehe 1 Aprili 2020, T-Mobile ikaanza kuyapandisha masafa ya Sprint kwenye minara yake. Kwenye simu yako yanaitwa n41; herufi n inaonyesha ni bendi ya 5G. Ya chini ya kufika mbali na ya kati ya kasi, yote mikononi mwa kampuni moja, wakati wenzake bado wanajenga.

Verizon na AT&T walikuwa wapi wakati huo?

Verizon iliweka imani kubwa kwenye masafa ya juu kabisa. Aprili 2019 iliwasha 5G ya simu Chicago na Minneapolis. Ukiwa umesimama chini ya kifaa chake unapata kasi kubwa, ukipiga hatua kuingia dukani inapotea. Ikarekebisha kwa gharama kubwa. Katika mnada uliofungwa mwaka 2021, wa masafa ya kuanzia megahezi 3700, Verizon ilitoa zaidi ya dola bilioni 45 na AT&T zaidi ya bilioni 23. Jumla ya mnada ilipita bilioni 80.

Hata kuyawasha kulikuwa na kizuizi. Vifaa vya ndege vya kupima kimo kutoka ardhini vinatumia masafa ya jirani, na mamlaka ya usafiri wa anga ilihofia mwingiliano. Siku ya kuwasha, 19 Januari 2022, Emirates, ambayo wengi wetu tunaipanda kupitia Dubai, ilikuwa imesitisha safari za miji kadhaa ya Marekani. Kampuni zikakubali kuchelewesha minara iliyo karibu na viwanja vya ndege. Kwenye simu masafa hayo ni n77.

Kampuni ikiboresha mtandao, simu yangu ya zamani itafaidika?

Inategemea kama simu ilizaliwa inayajua masafa hayo. iPhone 8 na iPhone X zilitoka msimu wa vuli wa 2017, miezi michache baada ya T-Mobile kuanza megahezi 600, na hazikuwa na bendi ya 71. Aliyenunua iPhone X, simu ghali kuliko zote za Apple wakati ule, hakupata chochote kutoka kwenye minara ile mipya vijijini. XS na XR za mwaka 2018 zikawa nayo.

Wakati mwingine maboresho yanamwumiza mwenye simu ya zamani. Kampuni ikitaka nafasi ya 5G, hukata kipande cha masafa yaliyokuwa ya 4G. Simu ya 4G inabaki kugombania nafasi iliyopungua. Ukiona kasi ya simu yako imeshuka eneo lile lile ulilozoea, na jirani mwenye simu mpya anasifia, hiyo ni sababu moja ya kuiangalia kabla ya kulaumu laini.

Kitu kingine ni kuunganisha bendi. Simu za sasa hushika bendi mbili, tatu au zaidi kwa pamoja na kujumlisha kasi zake. Simu mbili zinaweza kuwa na orodha sawa ya bendi lakini moja isiweze mchanganyiko ambao mnara unautoa. Haya hayaandikwi kwenye boksi.

Modemu ni nini, na kweli zinatofautiana?

Ni chipu inayoongea na mnara. Qualcomm, MediaTek na Samsung wanazitengeneza, na sasa Apple pia. Tofauti ipo, na mfano wake mzuri ni iPhone 7 ya mwaka 2016. Nyingine zilitoka na modemu ya Qualcomm, nyingine ya Intel, kwa jina moja na bei moja. Ya Intel haikuweza mfumo wa CDMA ambao Verizon na Sprint walikuwa wanautumia, kwa hiyo iPhone 7 iliyouzwa kwa ajili ya AT&T au T-Mobile haikufaa kwa Sprint hata ikiwa imefunguliwa. Watu waliinunua mtumba bila kujua, na namba ya toleo iliyoandikwa nyuma kwa herufi ndogo ndiyo pekee ingewaambia.

Apple na Qualcomm walimaliza kesi zao Aprili 2019, Apple ikanunua kitengo cha modemu cha Intel mwaka huo huo, na Februari 2025 ikatoa modemu yake ya kwanza, C1, ndani ya iPhone 16e. Haishiki yale masafa ya juu kabisa. Kwa wengi wetu si hasara.

Alama ya 5G juu ya skrini niiamini?

Usiitegemee. Mwaka 2019 AT&T iliweka alama ya "5G E" kwenye simu ambazo zilikuwa kwenye 4G iliyoboreshwa, na mwaka 2020 chombo cha kusimamia matangazo kikapendekeza iache kuitangaza hivyo. Alama inaonyesha jina; bendi ndiyo inayoonyesha hali.

Nitajuaje simu yangu imeshika bendi gani?

Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Samsung nyingi hufungua ukurasa wa namna hiyo kwa *#0011#, isipokuwa kampuni iliyoiuza iwe imeuzuia. Tafuta neno la bendi na namba yake. Fanya hivyo sebuleni, kisha chumba cha ndani, kisha nje barazani, utaona namba ikibadilika: nje inaweza kuwa n41 au n77, ndani ikashuka kwenye 71 au 13.

Kabla ya kununua, piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, uiingize kwenye tovuti ya kampuni unayotaka kujiunga nayo. Zote tatu kubwa zina sehemu ya kukagua. Hiyo inakwambia zaidi ya muuzaji yeyote.

Kampuni ndogo za bei nafuu zina minara yao?

Nyingi hazina. Visible iko juu ya Verizon, Cricket juu ya AT&T, Metro na Mint juu ya T-Mobile. Bendi unazohitaji ni zile za mwenye minara. Unachopoteza mara nyingi ni nafasi ya mbele kwenye foleni: mnara ukijaa, kama uwanjani au jioni kwenye majengo ya kupanga, wateja wa vifurushi vya bei ndogo hupunguzwa kasi kwanza.

Nyumba yetu ya chini ya ardhi haishiki kabisa.

Washa kupiga simu kwa Wi-Fi kwenye mipangilio. Ukishaiwasha, andika anwani yako ya nyumbani unapoombwa, maana ndiyo watakayoitumia 911 kukutafuta. Ukihama, ibadilishe.

Nataka kumtumia mama simu kutoka Marekani. Niangalie nini?

Deni kwanza. Simu nyingi za huku zinauzwa kwa kulipa kidogo kidogo na zimefungwa kwa kampuni. Isipolipwa yote, mara nyingi haifunguliwi, na mama ataweka laini ya Vodacom au Safaricom, simu imkatae. Ifungue ikiwa bado iko mikononi mwako, ujaribu laini ya kampuni nyingine hapo hapo. Ukiwa umeituma tayari, kuishughulikia kwa mbali ni mateso kwa wote wawili.

Pili, sehemu ya laini. iPhone 14 na zilizofuata, zile za Marekani, hazina tundu la laini, ni eSIM tu, yaani laini isiyo na kadi inayowekwa ndani ya simu kwa programu. Safaricom wana eSIM, lakini mama anayekaa mbali na duka la kampuni, anayebadilisha laini kwa kuitoa simu hii na kuiweka nyingine, utakuwa umempa usumbufu. Kwa mzazi wa kijijini mimi ningechagua simu yenye tundu, hata kama ni ya bei ndogo zaidi.

Tatu, bendi. iPhone za Marekani zina bendi 3, 20 na 28, hazina tatizo. Samsung za daraja la juu pia, hata zile ambazo namba yake ya toleo inaishia na U. Shida iko kwenye simu za bei ya chini za malipo ya kabla, zile zinazoning'inia kwenye vifungashio madukani. Baadhi zimetengenezwa kwa mtandao mmoja wa Marekani tu. Kwetu bado sauti inategemea 3G na 2G sehemu nyingi, kwa hiyo hakikisha ina megahezi 900 na 2100 za 3G pamoja na 900 na 1800 za 2G.

Ikienda Tanzania, kumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia Juni 2016 na bado inazikagua. Tuma IMEI kwa ujumbe kwenda 15090 ukiwa na laini ya Tanzania, utaambiwa kama ni halisi.

Nikimtumia ya 5G, ataifaidi?

Akiwa mjini, ndiyo. Vodacom Tanzania iliwasha 5G Septemba 2022 na Safaricom ikaanza kuiuza Oktoba mwaka huo. Oktoba 2022 TCRA ilipiga mnada masafa ya megahezi 700, 2300, 2600 na 3500, na huko Kenya, mwaka huo huo, Airtel ilipata megahezi 60 kwenye 2600. Kwenye simu 2600 ni n41 na 3500 ni n78, kwa hiyo tafuta simu yenye hizo mbili. Usilipe zaidi kwa ajili ya masafa ya juu kabisa ya Marekani, hayatamfaa kitu huko.

Ninunue simu mpya sasa au nisubiri?

Kama simu yako ina n41, n71 na n77, kaa nayo, hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya 5G ya huku. Kama ni ya AT&T na haina n71, jua kwamba Agosti 2025 kampuni hiyo ilitangaza makubaliano ya kununua masafa ya EchoStar, kampuni ya setilaiti na televisheni, kwa dola bilioni 23 hivi, yakiwemo ya megahezi 600, ambayo ndiyo n71. Kama haina n77, au ni 4G tupu na unaona inazidi kuchoka, ukipata ya mtumba ya miaka mitatu minne nyuma yenye bendi zote tatu itakufaa kuliko mpya ya bei ndogo isiyo nazo. Njoo na IMEI yake kabla hujatoa pesa, tuiangalie pamoja.